Ukuta Uliopimwa kwa Kamba ya Mafundo

Mume wangu alipokufa sikulia. Nasema hili mwanzo kabisa, ili anayetaka kuniacha aniache hapa hapa. Sikujikaza, wala sikuwa jasiri kama mchungaji alivyosema kanisani. Sikuwa na kitu. Nilipika, nilifua, niliwavalisha watoto wangu wawili nguo za shule, nilienda soko la Baraka nikanunua ndagala, dagaa wa ziwani, na unga, na mtu akiniuliza hali nilisema tuko tu. Usiku nililala kama kawaida. Hilo ndilo lililowakera watu zaidi, kwamba nililala.

Huku kwetu mjane asiyelia ana kesi. Wanawake walikuja kwenye kilio wakaketi nami kwenye mkeka, wakalia kwa zamu, kila mmoja akimaliza ananiangalia. Nami nilikuwa naangalia ukuta wa mbele yangu, naona mistari miwili ya juu ya bloki haikukaa sawa. Mume wangu aliijenga haraka tukiwa tunangojea mvua. Niliwaza kwamba nitamwambia airekebishe.

Halafu likatokea neno ambalo nadhani ndilo lililoniharibia. Wanaume walikuwa uani wanajipanga kupanda makaburini. Kaburi la huko kilimani lisipozungushiwa bloki, mvua huubeba udongo wake wote mpaka barabarani, kwa hiyo walitaka kuchukua bloki kutoka lundo letu la nyuma ya nyumba. Mafundi wenzake wakaanza kubishana ni ngapi zinatosha. Huyu ishirini, yule hamsini. Kelele zao ziliniumiza kichwa. Nikasema kutoka kwenye mkeka, kwa sauti yangu ya siku zote:

"Makumi tatu na sita. Kumi na munane kuzunguka, mistari mbili."

Uani ubishi ukakoma. Kwenye mkeka mwenye zamu ya kulia akakatiza. Walibeba thelathini na sita hizo, zikatosha, hata moja haikurudi. Jioni nilimsikia shangazi mmoja wa mume wangu akisema jikoni kwamba yule mwanamke ana roho ya sima, saruji tupu. Hakujificha hata kidogo. Huyo mdomo wake hauna mlango.

Sasa nieleze ilikuwaje nikajua namba hizo. Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga, tena fundi mzuri, lakini hesabu na yeye walikuwa hawasalimiani. Shuleni alitoroka, akaenda kusukuma mikokoteni ya mchanga kutoka mto Mutambala. Mimi nilisoma mpaka sekondari huko Fizi, kwenye milima, kwa baba yangu, na hesabu ndiyo kitu pekee ambacho sikuwahi kuhangaika nacho. Basi tulipooana tukagawana kazi bila kuitisha mkutano. Yeye alipima na kujenga. Mimi nilihesabu. Aliniita mashini. "Mashini, njoo," anasema, hata mbele ya wageni.

Hesabu yenyewe si kubwa. Ukuta wa parsele, yaani wa kiwanja cha mtu, kwetu ni mistari minane ya bloki, urefu wa kumzuia mwizi mfupi. Kila mita moja ya ukuta wa mistari minane inakula bloki ishirini. Unachukua urefu, unatoa mlango, unazidisha kwa ishirini, halafu kwa kila mia unaongeza tano za kuvunjika, maana mkokoteni hauna huruma na vijana wa kupakua ndio kabisa. Kwisha. Aliniuliza nikiwa napika, nikiwa nanyonyesha, nikiwa nimeanza kusinzia. Alisema urefu, nikasema bloki. Sikuuliza ukuta ni wa nani. Ningeuliza kila mara tusingelala.

Shida ilikuwa kamba yake. Alinunua kamba ya nyavu huko Kazimia, nzuri, ngumu, akaazima mita ya fundi mwingine, akailaza kamba chini na kuweka alama ya makaa kila mita. Hadi hapo sawa. Kisha akaona makaa yatafutika, akafunga fundo kwenye kila alama. Hakujua kwamba fundo nalo linakula kamba. Kila fundo lilimeza vidole viwili, kwa hiyo mita yake ikawa fupi, na ukuta wowote aliopima ukaonekana mrefu kuliko ulivyo. Wenye kujengewa walinunua bloki zikabaki. Wao walifurahi, wakasema huyu ndiye fundi ambaye bloki hazimpungukii katikati ya kazi, chukua hizo zilizobaki, fundi. Jiko langu lilijengwa kwa mabaki hayo. Ukuta mmoja una bloki nyeusi, mwingine nyeupe za mchanga wa ziwa, na upande wa mlango kuna tatu zenye alama za vidole vya mtoto asiyejulikana.

Niligundua mimi. Siku moja nilipima uwanja wetu kwa mita ya kuazima, nikaona haulingani na aliyoniambia. Nikamweleza. Alikaa anaiangalia kamba yake mkononi kama mtu aliyeambiwa mbwa wake anaiba.

"Basi nifungue mafundo yote?" aliuliza.

"Ukifungua, alama zitapotea."

"Basi yakae. Mi nitasoma mafundo, we utakuwa unatosha."

Tukakubaliana hivyo; kutosha kwa lugha ya huku ni kutoa. Kwa kila mafundo ishirini na matano natoa moja, ndipo naanza kuzidisha. Hiyo ilikuwa siri yetu ya kazi, ingawa si siri ya kuficha. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Kiangazi cha mwisho cha maisha yake alianza kupiga, yaani kufyatua, bloki zetu wenyewe. Sima ilipopatikana mfuko mmoja, alipiga za mfuko mmoja. Alifanya jioni akitoka kwenye kazi za watu, mgongo unamuuma, nami nazimwagia maji zile za jana zisipasuke. Lundo likakua nyuma ya nyumba. Alisema tu ni za ukuta wa parsele. Parsele ni ya ukoo. Mbele, karibu na barabara, iko nyumba ya mamamkwe na ya kaka yake mkubwa. Nyuma kabisa iko yetu. Ukuta utapita wapi hakusema, na mimi sikuuliza. Kisha ikaja ile homa iliyoanza kama mchezo. Hospitali ikawa hospitali. Akafa.

Kilio kilipokwisha ukoo ulikaa. Shemeji yangu, huyo kaka mkubwa, anafanya biashara ya ndagala kati ya Kazimia na Baraka, na wezi walikuwa wanamwibia zile anazoanika uani, kwa hiyo alitaka ukuta usimame kabla ya mvua. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa jambo liishe. Alisema mbele ya wote, nami nikiwa nimeketi:

"Bloki za ndugu yangu ziko. Zikitosha kuzunguka parsele yote, nyumba yake itabaki ndani, na mama ya batoto atabaki na batoto bake. Kama hazitoshe, ukuta itapita hapa nyuma ya nyumba ya mama. Ile ya nyuma tutaitia mupangaji. Batoto bakae na bibi yao, ni ba huku. Yeye arudi kwao Fizi, apumuzike."

Apumzike. Neno zuri hilo. Sima ya kuongeza, alisema, haipo, na msimu haungoji. Shangazi wa mdomo akaitikia kwamba mtu asiyekuwa na uchungu hawezi kupata shida kuhama. Hapo nikaelewa kwamba bloki ni pazia tu. Walikuwa wananipima mimi. Nilipaswa kuanguka chini, nishike miguu ya mtu, nitaje watoto wangu kwa majina. Nilitafuta hicho kitu ndani yangu nikakikosa. Niliwaza kwamba Fizi kuna baridi na sina sweta.

"Nani atahesabu?" mamamkwe aliuliza.

Wote wakaniangalia. Nani mwingine angehesabu?

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilipima ukuta ambao ungenitoa au kuniweka. Nilitoa kamba ya marehemu mwenyewe kutoka kwenye msumari wake. Tulikuwa watatu: shemeji ameshika kichwa cha kamba, mimi nimeshika mkia, na mamamkwe ameketi juu ya lundo la bloki na fimbo yake, mama mzee asiyeongea sana, ambaye tangu mwanawe azikwe alikuwa ananipitia bila kunigusa. Tulipima kwanza ile njia fupi. Hiyo haikuwa na maneno, bloki zilitosha na kubaki. Halafu tukaanza njia ndefu, ya kuzunguka mpaka nyuma, tukapita karibu na choo, karibu na jiko langu la mabaki.

"Vuta," shemeji alisema.

"Imefika," nikasema.

Ndivyo tulivyokuwa tukisema na mume wangu. Vuta, imefika. Nilisubiri nisikie kitu. Sikusikia. Mkono wangu ulijua kazi, ukafanya.

Tulifika mwisho. Mafundo sabini na matano. Shemeji akayarudia mwenyewe, akapata hayo hayo. Mlango alitaka mita mbili, mkokoteni wa ndagala upite. Bloki alikuwa amezihesabu jana yake na mama akimsimamia, elfu moja mia nne thelathini na nne, nzima tupu, zilizovunjika ameweka kando.

"Haya, shemeji. Tuambie," aliniambia.

Nikaziweka kichwani. Sabini na tano, toa mbili, zidisha, ongeza za kuvunjika.

"Hazitoshe," nikasema. "Zinapunguka makumi kenda na kenda."

Tisini na tisa nzima. Shemeji alipumua. Nadhani alisikia nafuu na aibu kwa pamoja, maana aliangalia upande wa ziwa.

"Makumi kenda na kenda ni nyingi," alisema polepole. "Ni mifuko tatu na zaidi ya sima. Mama, umesikia mwenyewe. Si mimi nimesema."

Shemeji akaanza kukunja kamba, akaniambia kwa upole kwamba nisiwe na haraka, naweza kungoja mpaka mwezi uishe, atanitafutia pikipiki ya kunipandisha Fizi na mizigo yangu. Nikasema asante. Nilisema asante, jamani, na nilimaanisha. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri sufuria zipi ni zangu.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza. Si uchungu. Ilikuwa ile hali ya kujua kwamba umekosea hesabu. Mtu akinitukana naweza kunyamaza mwaka mzima, ila hesabu mbaya siwezi kuilala. Niliangalia kamba ikijikunja mkononi mwa shemeji, fundo, fundo, fundo, na nikakumbuka kwamba sikuwa nimetoa. Kwa miaka yote alisema mafundo nikatoa. Leo mtu mwingine alisema mafundo nikasahau.

"Ngoja," nikasema. "Hiyo kamba inaongopa."

"Inaongopa namna gani?"

Nikamweleza habari ya makaa na mafundo. Alinitazama kwa jicho la mtu wa soko anayeambiwa mzani una tatizo baada ya bei.

"Unasema hivi sababu hautaki kuenda."

"Azima mita kwa jirani. Pima kati ya fundo na fundo. Mi kwenda nitaenda tu, lakini si na hesabu mubaya."

Akaenda kuazima, kwa hasira kidogo. Akapima fundo la kwanza na la pili. Akapima mengine, hapa na pale. Kila mara vidole viwili vimeliwa. Mamamkwe aliinuka akaja kuangalia kwa macho yake, ingawa sidhani anaona namba za mita.

"Mutoto wangu alitumika na hii kamba miaka yote?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Yeye anasoma, mi natosha."

"Haya. Tosha."

Nikatoa. Mafundo sabini na matano, yaani mita tatu zimeliwa, zikabaki mita sabini na mbili. Toa mlango, sabini. Bloki elfu moja na mia nne. Za kuvunjika, sabini. Jumla elfu moja mia nne na sabini. Lundo, elfu moja mia nne thelathini na nne. Nikafungua mdomo kwa sauti yangu ya siku zote.

"Bado hazitoshe. Zinapunguka makumi tatu na sita."

Nilikwisha kusema ndipo nikasikia nilichosema.

Shemeji alikuwa na kamba mkononi, akaacha kuikunja. Yeye mwenyewe alizibeba zile za kaburi siku ya kuzika, mbili mbili, begani, mpaka kilimani. Fulana yake nyeusi ilikuwa nyeupe kwa vumbi la sima aliporudi. Mamamkwe aliweka mkono juu ya lundo, pale pembeni ambapo pana pengo, pale walipochukulia. Sote watatu tulikuwa tunaliona pengo hilo kila siku tukienda chooni, na hakuna aliyekuwa amelijumlisha.

Kuku walipita.

"Hizo hazikupunguka," mamamkwe alisema mwishowe. "Hizo ziko kwa mutoto wangu." Akamgeukia shemeji. "Alipiga za kuzunguka yote. Alipiga kamili. We utapiga zile tulimupatia."

"Nitapiga, mama," shemeji alisema. Hakutaja sima wala msimu. Alinipa kamba, kwa mikono miwili, akatoka kwenda barabarani bila kumaliza maneno yake na mimi, na jioni alirudi na mfuko wa kwanza kichwani.

Nilibaki na kamba. Nikaketi chini kwenye mchanga. Mamamkwe naye akaketi, kwa taabu ya magoti yake, karibu kabisa na mimi, bega kwa bega, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu tuzike.

"Siku ile kwa mukeka," alisema, "nilikuchukia."

"Najua, mama."

Nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, kamasi, kila kitu, mchana kweupe, na majirani wakatoka kuangalia nani tena amekufa. Hakuninyamazisha. Nilimlilia mume wangu kwa kuchelewa kote huko, na nilijililia mimi pia, sikatai. Inauma mpaka leo. Kuna siku inauma kuliko siku ile.

Watu huniuliza kwa nini nililia siku ya kupima na si siku ya kuzika. Mimi husema sijui. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekumbuka. Elfu moja mia nne na sabini haikuwa namba ngeni kinywani mwangu. Kiangazi kile, kabla mume wangu hajapiga bloki hata moja, alirudi jioni, akaketi mlangoni nikiwa nachambua maharagwe, akanyoosha miguu yake yenye vumbi katikati ya njia.

"Mashini. Mafundo makumi saba na tano, mulango mita mbili, mistari munane."

"Elfu moja mia ine na makumi saba," nikasema, bila kuinua kichwa.

"Kamili?"

"Kamili. Na kuvunjika iko ndani."

Akairudia namba hiyo kwa midomo, mara kadhaa, ili asiisahau. Nilidhani ni ukuta wa mtu. Nikamwambia atoe miguu yake hapo, nataka kufagia, akaitoa.